Ngozi Iliyosingiziwa Kumkataa Mume

Mume wangu ni mlinzi wa lango. Ameitumikia kampuni moja ya ulinzi kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo sijasikia kwamba amekamata mwizi hata mmoja. Aliowakamata ni muuza maziwa, mafundi bomba waliosahau vitambulisho, mbuzi mmoja, na tajiri mmoja nitakayemfikia baadaye. Lakini umsikie akisimulia kazi yake! Utadhani bila yeye mji mzima ungekuwa umeshapakiwa kwenye gari na kuondoka.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, chumba chenye dirisha pana linalotazama barabara, meza ya kukatia, cherehani mbili na pasi. Mabati ya nyumba hiyo aliyaleta yeye. Kuta nilizisimamisha mimi. Wasichana wa shule tatu wamevaa sketi zangu zenye malinda, na malinda hayo ndiyo yaliyogeuka matofali. Nayataja haya mapema ili ijulikane ni nini kilitaka kunitoka mikononi. Kilichotaka kunitoka ni nyumba hiyo, na kisingizio kilikuwa ngozi yangu.

Miaka minne iliyopita kampuni ilimpeleka mume wangu kulinda kiwanda cha mbali, akakaa huko miezi minane. Kiwandani kulikuwa na kantini, na kwenye kantini kulikuwa na mpishi. Habari za mpishi huyo nilizipata baadaye sana, kama mke anavyopata habari zote, akiwa wa mwisho mtaani. Wiki ile ile aliyorudi ndipo nilipoanza kuwashwa.

Si kuwashwa kwa mbu. Yalikuwa mabaka mekundu yaliyovimba, mengine kama kifungo cha koti, mengine kama kiganja. Yalipenda pale nguo inapobana, kiunoni chini ya lastiki, mabegani chini ya kamba za sidiria. Yalikuja jioni, nikajikuna mpaka nikaona haya, na asubuhi hayapo. Ngozi laini kabisa, kama vile niliota. Siku moja mdomo wa juu ulivimba nikafanana na bata, na mteja aliyekuja kupima sketi ya bintiye akageuza njia akaenda kwa fundi mwingine.

Nilikwenda zahanati. Daktari akaniangalia mikono, akaniangalia shingo, akasema, "Mama, ngozi yako nzuri kuliko yangu. Tatizo ni nini?" Nikamwambia yanatoka jioni. Akasema nije jioni. Jioni zahanati imefungwa. Nikarudi nyumbani na panadoli.

Hapo ndipo wifi yangu alipoingia kazini. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, na mtaani wanamwita Mama Hakika, kwa sababu hajawahi kusema "sijui" tangu azaliwe. Anafagia na kupiga deki katika zahanati hiyo hiyo. Kwa kufagia huko amekuwa bingwa wa magonjwa yote.

"Wifi yangu," alinambia, amesimama mlangoni na mikono kiunoni, "nimefagia chumba cha madaktari miaka kumi na minne. Hiyo ni aleji. Aleji haitibiwi kwa dawa, inatibiwa kwa kuondoa. Tunaondoa kimoja kimoja mpaka tumkamate."

"Tumkamate nani?"

"Anayekula mwili wako. Kikulacho ki nguoni mwako."

Akaanza na nguo. Nilifua kila kitu changu kwa maji matupu, nikakausha, nikafua tena. Mabaka yakaja. Akaondoa sabuni, nikaoga kama ng'ombe anayenyeshewa na mvua. Mabaka yakaja. Akaondoa mayai, samaki, karanga, nyanya, maharage, maziwa. Kwa zaidi ya miaka miwili nilikula kama mfungwa wa kesi kubwa, wali mweupe na chumvi, na kila nilipopoteza kilo mbili wifi alisema, "Unaona? Uchafu unatoka." Mume wangu alikuwa anakula samaki mbele yangu huku ananisikitikia. Anajua sana kusikitika mwanamume yule, hasa akiwa na kitu mdomoni.

Chakula kilipokwisha cha kuondoa, Mama Hakika alikaa kwenye kiti changu cha kushonea, akafikiri, kisha akamtazama kaka yake.

"Kimebaki kimoja," alisema. "Wewe."

Mimi nilicheka. Mume wangu hakucheka. Nilipaswa kuliona hilo, ila mjinga haoni mpaka aonyeshwe, na mimi nilikuwa mjinga wa hiari.

Wakakubaliana mume wangu akalale kwa dada yake siku kumi, tuone. Siku anaondoka, wifi alinitupia karatasi ya vidonge kumi alivyopewa na mfamasia wa zahanati. "Meza kimoja kila jioni," alisema, "angalau upate usingizi bila kujikuna. Nakuhurumia tu." Nikameza. Nilikuwa tayari kumeza hata vifungo.

Siku kumi hizo mwili wangu ulitulia. Hakuna baka hata moja. Siku ya kumi na moja mume wangu akarudi na mfuko wake wa nguo, na jioni ile ile kiuno kikawaka moto. Wifi alikuja, akainua blauzi yangu bila kuomba ruhusa, akapiga kofi paja lake.

"Nilisema! Mwili wako unamkataa kaka yangu!"

Habari hiyo ilizunguka mtaa mzima kabla chai haijapoa. Wanaume walimpa mume wangu pole. Pole! Kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa anajikuna. Shoga yangu mmoja, anayepiga pasi nguo za watu kibanda cha pili, ndiye pekee aliyenichekesha.

"Mwili wako una akili," aliniambia. "Umechelewa tu. Ungemkataa siku ile ya harusi tungeokoa wali."

Mume wangu akahamia kitanda cha sebuleni. Kisha akawa haonekani siku mbili, tatu. Akija anasema, "Nakupumzisha, mke wangu. Sitaki nikuumize." Siku moja akakaa karibu na meza ya kukatia, sauti imelowekwa kwenye asali.

"Mke wangu, hatuwezi kuishi hivi. Mwili wenyewe umesema. Mmoja wetu lazima atoke humu. Na wewe ndiye mgonjwa, wewe ndiye unayehitaji hewa. Nenda kwenu ukapumzike. Nyumba nitaitunza."

"Pamoja na nani?"

Akaanza kufuta vumbi kwenye kofia yake. Nikajua. Siku iliyofuata dada yake akaniambia kikao cha familia kimepangwa baada ya wiki tatu, kwa Baba Mkubwa, na nijiandae kuongea kwa adabu.

Niliwaza sana, mkasi mkononi. Kama mwili wangu ulikuwa umemkataa kweli, basi nilitaka kusikia kwa mtu aliyesoma, si kwa mtu aliyefagia karibu na waliosoma. Nikaulizia, nikaambiwa kuna daktari wa ngozi katika hospitali kubwa, foleni yake ni ya kutwa. Lakini ningemwonyesha nini? Asubuhi sina kitu mwilini.

Kazi yangu ndiyo iliyonipa jibu. Fundi hamwamini mteja anayesema "palinibana hapa", anapiga alama. Kila jioni mabaka yalipotoka, nilichukua kalamu ya wino nikazungusha mstari kulizunguka kila moja, kwa ukingo wake halisi, na kuandika saa pembeni. Mengine niliyasubiri, yakihama nachora tena. Mwisho wa siku nne mapaja yangu yalikuwa kama kitambaa kilichopimwa na mafundi watano wasiopatana. Shoga yangu aliponiona aliketi chini kwa kicheko. "Shoga, unakatwa gauni au koti?"

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mwenye miwani iliyomteremkia puani. Nilipandisha sketi nikaona haya, lakini yeye hakucheka. Alisogeza kiti akasoma mapaja yangu kama mtu anayesoma barua.

"Nani amekuchora?"

"Mimi mwenyewe."

"Hili la saa kumi na mbili jioni, lilikwisha lini?"

"Kabla ya saa tisa usiku. Halikuacha hata kivuli."

"Na hili likahamia hapa?"

"Ndiyo."

Akaegemea nyuma. "Mama, wagonjwa wangu wengi wananiletea maneno. Wewe umeniletea ushahidi." Ni mara ya kwanza kwa miaka mitatu mtu kuniambia kitu ambacho hakikuwa pole au lawama. Nilitaka kulia, nikajizuia, kwa sababu wino ungechuruzika.

Akanieleza taratibu. Chini ya ngozi, alisema, kuna seli zilizojaa vijifuko vya kemikali inayoitwa histamini. Ni silaha za kinga ya mwili. Vijifuko vikipasuka, mishipa midogo inavuja, ngozi inavimba na kuwasha. Kwa mtu mwenye mzio wa samaki, samaki ndiye anayevipasua, na hufanya hivyo upesi, mtu akila tu anajua. Lakini anayetokwa na mabaka karibu kila siku, wiki baada ya wiki, bila mpangilio, mara nyingi hakuna kitu cha nje. Kinga yenyewe ndiyo inayojipasua. Kwa baadhi ya watu, mwili hutengeneza kingamwili zinazozishambulia seli za mwili huo huo, zikidhani ni adui. Kwa wengine sababu haijulikani. "Na nikisema haijulikani," aliongeza, "nina maana kwamba hata mimi sijui."

Nilimpenda kwa neno hilo. Daktari mzima anasema sijui, na mfagiaji anajua!

"Kwa hiyo walinzi wa mwili wananipiga mimi mwenye nyumba?" nikamuuliza.

"Unaweza kusema hivyo."

"Daktari, hilo usinifundishe. Nimeolewa na mlinzi." Nikamsimulia jinsi mume wangu alivyowahi kumkamata mwenye kiwanda. Gari la tajiri yule liliharibika njiani, akaja kwa miguu, amevaa ndala, na jasho linamtoka. Mume wangu akampulizia filimbi, akamkalisha chini kando ya lango saa nzima, na wenzake wawili wakasimama juu yake na virungu, mpaka karani akatoka akapiga kelele. Kampuni ilimpa barua ya onyo. Mpaka leo anasema alifanya kazi yake.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Basi kinga yako ndivyo ilivyo."

"Nimeolewa na mmoja, nikazaliwa na mwingine," nikasema.

Halafu nikamuuliza lile nililolijia. Je, mwili unaweza kumkataa mume? Nikamweleza siku kumi za Mama Hakika. Aliandika, akasimamisha kalamu.

"Siku hizo kumi ulikuwa unakula nini? Unapaka nini? Unameza nini?"

"Wali. Sipaki kitu. Vidonge tu alivyonipa wifi, vya kulalia."

"Vingapi?"

"Kumi."

Alifungua droo, akatoa karatasi ya vidonge, akaiweka mezani. Rangi ile ile, herufi zile zile. "Vya namna hii?"

"Hivyo hivyo."

"Mama, hii ndiyo dawa yenyewe ya mabaka. Inaizuia histamini. Kidonge kimoja kwa siku, siku kumi. Vikaisha, mabaka yakarudi. Mumeo alirudi siku ambayo dawa imekwisha, basi."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nao wakakomea nguoni, hawakufika chini ya ngozi. Na Mama Hakika, baada ya kuniondolea dunia nzima mezani, siku ya kumwondoa kaka yake alinipa dawa kwa mkono wake mwenyewe, kisha akasifu jaribio lake. Hata kuku akitaga hutazama nyuma aone ametaga nini.

Daktari alinipima damu na tezi ya shingoni, akasema wakati mwingine huharibika pamoja. Yangu ilikuwa nzima. Akanipa kidonge cha kila siku, niwashwe nisiwashwe, akaniambia nile mayai yangu, nile samaki wangu. Ugonjwa huo, alisema, huweza kukaa mwaka, miaka mitano, kisha ukaondoka bila kuaga. Jioni ile nilikula samaki mzima, na kichwa chake.

Wiki mbili baadaye, siku ya kikao, ngozi yangu ilikuwa safi. Nilidhani nimeshinda tayari. Ndivyo mtu asiyejua ukoo wa wakwe zake anavyodhani.

Baba Mkubwa, kaka wa marehemu mkwe wangu, alikuwa mpima mizani kwenye ghala la nafaka kabla ya kustaafu. Ni mzee mkavu, haongei sana, na kila asemacho ni kama anasoma uzito. Tulikaa sebuleni kwake, mimi upande mmoja, mume wangu na dada yake upande wa pili. Mume wangu alikuwa amevaa sare yake ya kazi, na kofia, ili aonekane ana mamlaka.

Nilieleza yote. Nilipofika kwenye vidonge, Mama Hakika akaruka.

"Uongo! Amepona kwa sababu kaka yangu amejitenga naye. Sasa hivi halali naye, basi mwili umetulia. Dawa gani!"

"Ulimpa vidonge au hukumpa?" Baba Mkubwa akamuuliza.

"Nilimpa. Kwa huruma."

"Vingapi?"

"Kumi."

"Na huyu alikaa kwako siku ngapi?"

Wifi akaanza kupanga mtandio wake. Mume wangu akamjibia: "Kumi, Baba Mkubwa. Lakini mimi namjua mke wangu. Namwona anavyovimba nikiingia."

"Hata mimi navimba ukiingia," nikasema, "lakini si ngozi."

Mzee hakucheka. Alinyosha vidole vyake juu ya magoti. "Ghalani," alisema, "mizani haiaminiki mpaka uione ikiwa tupu. Mlikuwa mnapima na gunia juu. Mara ya kwanza mume hayupo, kidonge kipo. Sasa mume hayupo, kidonge kipo. Hamjawahi kuondoa vyote viwili. Siku kumi, mume asikanyage pale, wala mke asimeze kitu. Mabaka yakija, basi mume si sababu, na maneno haya yafe. Yasipokuja..." Akanitazama.

"Yasipokuja nitatoka kwenye nyumba," nikasema. Hakuna aliyenilazimisha. Kinywa changu mwenyewe.

Wifi akadai jaribio liwe safi. Kila kitu cha kaka yake kiondoke, hata soksi, maana harufu ya mtu hubaki nguoni. Nilipakia mwenyewe. Mashati, sare, viatu, wembe, picha yake amesimama na kirungu. Mabegi matatu. Mume wangu aliyabeba kwa furaha mno kwa mtu anayekwenda kwa dada yake.

Daktari nilimpigia simu. Hakupenda. "Sikushauri," alisema, "na siwezi kukuahidi kwamba yatakuja. Yanaweza kukaa wiki bila kutokea, yanaweza kukaa mwezi. Ukiona ulimi unavimba au pumzi inabana, achana na mzee wako, uje hospitali mbio."

Basi nikaanza kungoja. Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Mama Hakika alikuja kila jioni akitoka kazini, bado ananuka dawa ya choo, akanifunua mikono na kiuno kama mume wangu anavyofunua mikoba ya watu langoni. "Safi," anasema. "Safi kabisa. Naona unapumua vizuri, wifi." Alikuwa anapima madirisha kwa macho. Siku ya nne aliniuliza kama pazia la chumba cha mbele nitaliacha.

Nilivaa sketi za lastiki ya kubana. Nilioga maji ya moto. Nilikula mayai matatu kwa mkupuo, ingawa daktari aliniambia mayai hayana hatia. Miaka mitatu niliuomba ugonjwa ule uondoke, ukang'ang'ania kama kupe. Sasa nauomba uje, unajifanya haunijui. Siku ya sita nilikaa nimejishika mkono, nautazama, nikasema kwa sauti, "Njoo basi, mshenzi wewe." Hakuna kitu.

Shoga yangu alikuja siku ya saba mchana, ameficha mfuko wa karatasi chini ya nguo za kupiga pasi.

"Upupu," alinong'ona. "Kidogo tu kiunoni. Utavimba mpaka wamwite mchungaji na shehe kwa pamoja."

Niliutazama mfuko ule kwa muda. Sitajifanya malaika, nilinyosha mkono. Kisha nikaurudisha. "Hapana, shoga. Waongo katika habari hii wametosha."

"Utakula ukweli wako barabarani, na cherehani kichwani?"

"Labda."

Alikasirika, akaondoka bila kuaga.

Siku ya nane, mchana, nilikuwa napanga malinda ya sketi ya mwisho. Futi ya kupimia nilikuwa nimeiviringisha kwenye kiganja. Nilipoiondoa, mahali ilipobana paliwaka. Nikatazama. Mstari mwekundu umeinuka, ukapanuka, ukaungana na mwingine. Nikainua blauzi. Kiuno kizima! Mgongoni sikuweza kuona, lakini nilisikia, kama mchanga wa moto umemwagwa. Mdomo wa chini ukaanza kuwa mzito.

Nilichora alama zangu. Kisha nikakumbuka kwamba Mama Hakika hatoki kazini mpaka jioni, na mabaka haya hayana adabu ya kungoja. Nikatoka nilivyo. Nilipita mtaa mzima na mdomo uliovimba upande, nimepandisha mikono ya blauzi, na aliyetaka kutazama alitazama.

Nilimkuta kwenye korido ya zahanati, anapiga deki, wauguzi wawili na wagonjwa wamekaa kwenye benchi.

"Wifi," nikasema, maneno yanatoka yamepinda, "kagua."

Akanitazama, ufagio wa deki ukadondosha maji viatuni mwake. "Umekunywa nini?"

"Sijanywa kitu."

"Basi umekutana na kaka yangu njiani."

Muuguzi mmoja akasogea, akanigusa mkono. "Haya ni mabaka ya mzio. Kaka yako ndiye nini, karanga?"

Benchi zima likacheka. Mama Hakika akasema labda nimegusa shati alilosahau. Nikamwambia kaka yake alipakiwa hata soksi, kwa amri ya dada mwenyewe. Akasema labda ukuta. Alisema ukuta! Miaka kumi na minne amefagia karibu na elimu, na yote ilipita chini ya ufagio.

"Na kaka yako yuko kwako kweli?" nikamuuliza, mbele ya watu wote. "Siku nane hizi?"

Akarudi kupiga deki mahali alipokwisha kupiga.

Siku ya kumi tulirudi kwa Baba Mkubwa. Mabaka yalikuwa yamekuja siku ya nane, ya tisa na ya kumi, na yale ya siku ya kumi nilikuwa nayo mwilini, hai. Mzee alivaa miwani, akanitazama mikono, akatazama alama za kalamu na saa zake. Akamgeukia mume wangu.

"Mizani tupu imesoma. Wewe si ugonjwa wake. Sasa nataka kusikia sababu yako nyingine."

"Baba Mkubwa, mimi nilikuwa namwonea huruma tu..."

"Sijakuuliza huruma. Dada yako amenieleza kwamba hukulala kwake hata siku moja. Ulilala wapi?"

Nilimtazama Mama Hakika. Alikuwa anautazama mkeka. Sijui kama alisema kwa kuona haya au kwa kuogopa kushindwa peke yake. Sikumshukuru.

Mume wangu alivua kofia. Kwa mara ya kwanza nilimwona mdogo. Akazunguka, akasema kiwanda, akasema upweke wa miezi minane, akasema chakula cha kantini. Mzee akamngoja tu. Mwisho ikatoka, kama mfupa kooni.

"Nimemchoka, Baba Mkubwa. Nina mwanamke mwingine. Nilitaka kumleta pale."

Ndicho nilichokuwa nakitaka. Nilitaka kukisikia kwa sauti yake, bila ngozi yangu kusimama mbele yake kama pazia.

"Kumbe," mzee akasema. "Kuchoka si ugonjwa wa mwenzako. Ni wako. Aliyechoka ndiye anayehama. Na mabegi nasikia yameshapakiwa."

"Lakini mabati ni yangu!" mume wangu akasema. Mtu mzima, mlinzi, anataka kuezua nyumba.

"Nenda kayang'oe basi," nikamwambia. "Mchana, watu wakiona. Nitakushikia ngazi."

Hakwenda. Mpaka leo hajaja. Baba Mkubwa aliandika maneno manne kwenye karatasi, nyumba ni ya huyu, akatia sahihi, akaamuru na wao watie. Mama Hakika alitia dole gumba, ingawa anajua kuandika. Labda siku hiyo hakuwa na hakika na jina lake.

Kidonge kilikuwa kwenye mkoba wangu. Tangu mzee aseme jaribio limekwisha ningeweza kukimeza, maji yalikuwepo mezani. Sikukigusa. Nilikaa palepale kwenye kiti changu, nikapandisha mikono ya blauzi, nikajikuna mbele yao wote, taratibu, kutoka kiwikoni mpaka kiganjani, bila haya na bila haraka, mpaka mume wangu alipoomba ruhusa ya kuondoka.